Fimbo ya gofu ya Kijapani: unalipia nini hasa?

Ami yangu ameachiwa mfuko wa fimbo za gofu na Mtaliano mmoja aliyekuwa akiihama nyumba yake hapa Malindi. Mfuko umepauka kwa jua na zipu moja haifungi, lakini ndani mna fimbo kumi na mbili, na nyingi zina maandishi ya Kijapani. Tangu siku hiyo baraza letu la kahawa halina habari nyingine. Kijana mmoja wa ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mifuko na kuwaelekeza uwanjani, alimwonya: "Ami, usiuze bei ya mitumba. Hizo za Japani, mpira unaruka wenyewe." Mzee mwingine akabisha kwamba Japani ni ya magari, gofu waachiwe Wazungu. Nahodha mmoja, ambaye hajawahi kushika fimbo ya gofu maishani mwake, akadakia: "Na mashine ya boti yangu je? Si Yamaha? Nasikia hao nao wanatengeneza fimbo."

Nahodha alikuwa na haki nusu. Yamaha ya ala za muziki ndiyo iliyotengeneza fimbo za gofu. Ile ya mashine za boti na pikipiki ilijitenga nayo mwaka 1955, ingawa nembo zao zinafanana mpaka leo.

Kwetu ukitamka gofu, mtu anafikiria kwanza magofu ya Gede, na hana kosa. Mchezo wenyewe bado ni wa wachache, hata kama Malindi ina uwanja wake, na hata kama Vipingo, hapo chini njia ya Mombasa, Desemba 2019 paliwakusanya wanawake wa ligi ya Ulaya kwa Magical Kenya Ladies Open, Mjerumani Esther Henseleit akaondoka na kombe. Lakini fimbo husafiri kuliko mchezo. Wageni huziacha, watu huuziana, na kila mkono unaozishika huongeza hadithi yake. Hadithi za Kijapani ndizo zilizonenepa kuliko zote.

Kwanza tujue tunachokizungumza. Fimbo ina vipande vitatu tu. Kichwa ndicho kinachogonga mpira. Mpini, ambao wachezaji wenyewe huuita shafti, unakiunganisha kichwa na mikono. Kishikio ni ule mpira wa juu unaoukamata. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, zisizidi. Draiva ndiyo ndefu kuliko zote, ina kichwa kikubwa chenye uwazi ndani, na ni ya kupigia mbali. Aironi ni zile za kichwa cha chuma zenye namba: namba ikipanda, uso wa fimbo unalala zaidi, mpira unakwenda juu na kuanguka karibu. Weji zimelala kuliko aironi. Pata ni ya kuusukuma mpira shimoni. Mtu akisema "fimbo ya Kijapani" kwa ile sauti ya heshima, aghalabu anachanganya mambo mawili: vichwa vya aironi vilivyofuliwa na shafti za nyuzi za kaboni. Hizo ni kazi za viwanda tofauti, na kila moja ina sababu yake ya kuwa ghali.

Nianze na kichwa. Hapa Kiswahili kimeshatufanyia nusu ya kazi, maana kinatofautisha kufua na kusubu. Mhunzi anayetengeneza tezo la mjenzi wa jahazi hufua: anatia chuma motoni mpaka kiwe chekundu, kisha anakitwanga nyundo mpaka kikubali umbo. Sonara anayeyeyusha fedha na kuimimina kwenye kalibu, huyo anasubu. Aironi nyingi zinazouzwa duniani ni za kusubu, na chuma chake ni kigumu kisichoshika kutu upesi. Zile zilizowapa Wajapani jina ni za kufua. Kipande cha chuma laini kinapashwa moto mpaka kinang'aa, kinapigwa kwa mashine yenye nguvu kati ya kalibu mbili, mara moja, mara mbili, mara tatu, halafu watu wanakaa nacho kwenye jiwe la kusagia wakikinoa kwa jicho na mkono.

Ukitaka kujua kazi hiyo inafanyika wapi, shika majina machache. Ichikawa, mji mdogo karibu na Himeji katika mkoa wa Hyogo, ndiko Wajapani walikoanza kufua aironi zao, takriban mwaka 1930. Himeji ndiko alikotokea Katsuhiro Miura, fundi ambaye jina lake sasa ni chapa. Mizuno, kampuni iliyoanzishwa Osaka mwaka 1906, vichwa vyake vinavyosifiwa sana hufuliwa Hiroshima. Na kule Tsubame, mkoa wa Niigata, mji unaojulikana Japani nzima kwa vijiko na uma, kuna kiwanda cha Endo, ambacho kwa miaka mingi kimewafulia vichwa wenye majina makubwa kabla na baada ya kuanza kuuza fimbo zake chenyewe kwa jina la Epon.

Himeji ilisifika zamani kwa panga, na hapo ndipo hadithi ya kwanza ilipozaliwa: eti aironi za Kijapani hufuliwa kwa chuma kile kile cha panga za samurai. Si kweli, na ukitazama vizuri ni kinyume chake. Makali ya upanga yanataka chuma kigumu chenye kaboni nyingi, ambayo hufikia asilimia 0.6 au 0.7. Chuma cha aironi hizi huitwa S20C au S25C, na hizo namba ndizo kaboni yenyewe: asilimia 0.20 na 0.25. Ni chuma laini makusudi. Kilichorithiwa kutoka kwa wafua panga, kama kipo, ni mkono wa fundi na subira yake.

Hadithi ya pili ndiyo ya kedi wetu: fimbo ya kufua inapeleka mpira mbali zaidi. Nayo imepinduliwa. Kinachosukuma mpira mbali ni uso mwembamba unaobonyea kidogo na kurudi, na uso wa namna hiyo mara nyingi unapatikana kwenye vichwa vyenye uwazi ndani, vya chuma kigumu, vingi vikiwa vya kusubu. Kipande kimoja cha chuma laini hakibonyei hivyo. Tena Mmarekani Bubba Watson ametwaa mara mbili, 2012 na 2014, Masters, mashindano makubwa ya Marekani ambayo mshindi huvishwa koti la kijani, akiwa na aironi za PING zilizosubiwa. Hakuna aliyemwambia arudishe koti.

Basi mtu analipia nini? Faida moja ya hakika, ambayo wauzaji hawaisemi sana kwa sababu haina mvuto, ni kwamba chuma laini kinakubali kupindwa. Fundi anaibana fimbo kwenye jiriwa na kuikunja shingo digrii moja au mbili ili ilingane na kimo chako na namna unavyosimama. Chuma kigumu cha kusubu hukataa, na ukikilazimisha kinaweza kuvunjika. Faida nyingine ni ulinganifu: namba tano, saba na tisa za seti moja nzuri zinaukata mchanga na kugonga mpira kwa tabia ile ile, kama vikombe vya seti moja ya kahawa.

Na ile hisia wanayoisimulia, kwamba ukiupiga mpira katikati unaona kama umekata siagi? Ipo. Mimi mwenyewe nimeionja mara moja, kwa bahati, kwa namba saba ya ami, na nikasimama pale nikitabasamu kama mtoto. Ila mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mikono yako inapopata habari, mpira umeshaondoka. Unachokiita ulaini ni mtikiso unaopanda mpinini pamoja na sauti iliyoingia sikioni, na sauti ndiyo yenye sehemu kubwa. Gonga sufuria nzito, kisha gonga nyepesi, ufumbe macho. Starehe hiyo si ya uongo, maana watu hulipia starehe kila siku, lakini haiongezi hata yadi moja.

Kabla sijaondoka kwenye vichwa, kuna jambo la namba. Ami alijigamba kwamba kwa zile aironi zake nyepesi namba saba sasa inafika ilipokuwa ikifika namba sita ya zamani. Nikachukua saba yake na saba ya kizamani, nikazilaza chini sakafuni, uso kwa uso. Namba saba ya sasa imesimama wima zaidi. Saba ya kizamani huwa na mlalo wa digrii 34 au 35. Saba nyingi za siku hizi zinazouzwa kwa ahadi ya umbali zina digrii 28 au 29, na XXIO, chapa ya Kijapani iliyotoka mwaka 2000 kwa ajili ya wachezaji wa mwendo wa taratibu, iko katika kundi hilo. Kwa hiyo ami anapiga sita iliyoandikwa saba. Nilimwambia. Hakupenda.

Sasa shafti. Hapa ndipo pana utamu wenyewe, na ndipo pesa zinapopotea.

Zamani shafti zote zilikuwa za mti, kisha za chuma. Nyuzi za kaboni ndizo zilizobadili mambo, na Japani iliwahi mapema: kazi ya Akio Shindo kwenye maabara ya serikali kule Osaka, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ndiyo iliyofungua njia ya nyuzi zinazotumika leo, na kampuni ya Toray ikaanza kuziuza mwaka 1971. Nyuzi hizo ziko kwenye ndege na kwenye fimbo za kuvulia samaki. Ndiyo maana nchi yenye viwanda vya nyuzi ikawa nchi yenye viwanda vya shafti: Fujikura, Mitsubishi, Graphite Design kule Chichibu, na wengineo.

Inatengenezwaje? Chukua kikoi. Kivute kwa kufuata uzi, hakinyooki. Kivute kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kinajinyoosha. Sasa fikiria karatasi nyembamba ya nyuzi za kaboni zilizolowa gundi, zote zimeelekea upande mmoja. Mfanyakazi anakata vipande vya karatasi hiyo na kuvizungusha kwenye fito ya chuma, kimoja juu ya kingine. Vile ambavyo nyuzi zake zinafuata urefu wa mpini huuzuia usipinde. Vile ambavyo nyuzi zake zimelazwa mshazari huuzuia usisokoteke. Kisha vinafungwa utepe, vinaokwa tanuruni, fito inachomolewa, mpini unasuguliwa na kupakwa rangi. Ufundi wote uko katika kuamua kipande gani kikae wapi, kizito kiasi gani, na nyuzi za aina gani. Ndipo utasikia mtu akisema shafti yake ina "nyuzi za tani 40". Hizo tani ni kipimo cha ukakamavu wa uzi, si uzito. Uzi wa tani nyingi ni mkakamavu, lakini unavunjika kwa urahisi, kwa hiyo hutiwa kwa kipimo, kama pilipili kichaa.

Na kazi ya shafti ni ipi? Wengi hudhani inafanya kazi ya manati: inapinda, inafyatuka, mpira unaruka. Kidogo ndiyo, zaidi sivyo. Umbali unatoka kwenye mwendo wa kichwa na kwenye kugonga katikati. Shafti inashughulika na wakati. Fikiria fito ya kuvulia. Ikiwa laini mno, mkono umeshasimama na ncha bado inakuja. Ikiwa ngumu mno, unajihisi umeshika mti, ncha haikupi habari yoyote. Ya kufaa ni ile ambayo ncha yake inafika pale unapotaka, kila mara. Mchezaji mwenye nguvu na haraka huhitaji fito ngumu kidogo, mwenye mwendo wa taratibu huhitaji laini. Hakuna aliye bora.

Nilijifunza hili kwa aibu. Draiva ya ami ina shafti ya bei, nyeusi, imeandikwa X, yaani ngumu sana. Niliichukua uwanjani kwa kiburi. Mpira wa kwanza ukakata kulia vichakani. Wa pili, kulia. Wa tatu sikuuona ulikokwenda, ila nikasikia majani. Kedi, kwa adabu yake yote, akasema: "Bwana, hiyo fimbo inakungoja, wewe hufiki."

Hizo herufi, R kwa kawaida, S kwa ngumu, X kwa ngumu zaidi, na SR ambayo Wajapani wanaipenda kwa walio katikati, zinaonekana kama kipimo cha serikali. Hazina kipimo cha pamoja. Kila kiwanda kinaamua chenyewe S yake iwe ngumu kiasi gani. Ni kibaba: kibaba cha duka hili si cha duka lile. Na shafti zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe mara nyingi ni nyepesi na laini kuliko za Marekani zenye herufi ile ile. Mtu akiagiza S ya Kijapani mtandaoni kwa sababu S yake ya Kimarekani inamfaa, aletewe kitu kinachoyumba kama mnazi mchanga, asimlaumu mwenye posta.

Uzito ndio unaosema kweli zaidi. Nilisoma lebo za aironi za ami: N.S. PRO 950GH, za Nippon Shaft. Hizo ni za chuma, si kaboni, zilitoka mwaka 1999, na uzito wake ni kama gramu 95. Shafti za chuma wanazotumia mabingwa wengi, Dynamic Gold za Marekani, zinazidi gramu 120. Tofauti ni kama vijiko sita vya chai vya sukari. Utasema ni nini hicho. Zungusha mara themanini kwa siku, kwa mikono ya mtu wa miaka sitini na tano, ndipo utajua.

Kuna na mtego wa jina. Draiva nyingi za Kimarekani huuzwa zikiwa zimefungwa shafti yenye jina kubwa la Kijapani, na jina likiwa lile lile, kilichomo ndani huenda si kile kile. Ventus ya Fujikura, iliyotoka mwaka 2019, ilisifika kwa muundo wake uitwao VeloCore, lakini baadhi ya matoleo ya awali yaliyofungwa kiwandani kwenye draiva za madukani hayakuwa na muundo huo. Alama ilikuwa kukosekana kwa neno VeloCore kwenye mpini. Wanawake wa Malindi wanaijua biashara hii tangu zamani: doti ya kanga yenye jina lile lile na rangi zile zile, kitambaa kingine.

Tena hao mabingwa wenyewe hawana uzalendo wa vipande. Hideki Matsuyama, mwanamume wa kwanza wa Kijapani kushinda Masters, mwaka 2021, alikuwa na aironi za Srixon za kwao zenye shafti za Dynamic Gold za Marekani. Tiger Woods aliposhinda Masters 2019, draiva yake ilikuwa ya Marekani na mpini wake Diamana wa Mitsubishi.

Je, kedi alitunga kabisa aliposema mpira unaruka wenyewe? Hapana, na hapa namwomba radhi kidogo. Sheria za gofu zinaweka mpaka wa jinsi uso wa draiva unavyoweza kuusukuma mpira, na mpaka huo hutajwa kwa namba 0.830. Japani kuna draiva zinazouzwa waziwazi zikiwa zimeuvuka mpaka huo, kwa wazee wanaocheza na marafiki wala hawashindani. Zinaruka kweli. Kwenye mashindano haziruhusiwi. Anayenunua draiva ya Kijapani ya mkono wa pili aangalie kwanza kama jina lake limo katika orodha ya fimbo halali, ambayo hutolewa bure mtandaoni na wasimamizi wa mchezo, R&A na USGA.

Kuhusu dhahabu sitasema mengi. Honma, wenye kiwanda Sakata, huuza fimbo kwa nyota, na nyota tano maana yake kuna dhahabu na platinamu. Novemba 2016 Waziri Mkuu Shinzo Abe alimpelekea Donald Trump draiva ya Honma ya rangi ya dhahabu, yenye bei ya zaidi ya dola 3,000. Hayo ni mapambo, kama milango ya Lamu: nakshi haiufanyi mlango ufungike vizuri zaidi, na anayeuagiza anajua.

Linalotuhusu sisi wa pwani zaidi ya dhahabu ni chumvi. Chuma laini cha kufua hushika kutu, ndiyo maana hupakwa kromu. Weji mbili za ami hazikupakwa, ziliachwa uchi makusudi kwa sababu baadhi ya wachezaji wanapenda zisimeremete juani. Wiki tatu kibarazani, upande wa bahari, zikageuka rangi ya tangawizi. Kutu ya juu juu haidhuru, ila ikiingia kwenye mifereji ya uso inaila. Tulizisugua kwa majivu na kitambaa, tukazipaka mafuta ya cherehani, na sasa zinalala ndani ya kikoi kikuukuu, mbali na dirisha.

Aironi ami hauzi tena. Gramu 95 zinamfaa, na namba saba yake, hata kama ni sita, inamfurahisha. Draiva yenye X amempa kedi, kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye mabega ya mpiga makasia. Jumamosi iliyopita alipiga mipira minne mbele yetu, na yote minne ilikwenda moja kwa moja. Akageuka akatutazama. "Si niliwaambia?" akasema.